Ghala na Chungu: Somo katika Hali ya Maisha ya Watu wa Mbozi

Jua, ewe msomaji, ya kuwa watu wengi wakiulizwa nchi fulani ina hali gani, hutazama kwanza shamba. Wakiona mahindi yamesimama, na migomba imefungana, na mibuni imeinama kwa matunda, husema: "Nchi hii ni ya neema, na watu wake wameshiba." Hukumu hii si ya uwongo, lakini ni nusu ya hukumu. Shamba ni jambo moja, ghala ni jambo la pili, na chungu kilicho juu ya mafiga ni jambo la tatu; na baina ya kila moja na mwenziwe ipo njia, na katika njia hiyo chakula chaweza kupotea pasipo mtu kuibiwa. Somo hili laifuata njia hiyo katika nchi moja maalum, nayo ni nchi ya Mbozi, kwani huko tofauti ya ghala na chungu yaonekana dhahiri.

Mbozi ni wilaya katika Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi ya Tanzania. Ni nchi ya juu yenye baridi, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Mkoa wenyewe ni mpya: ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawa Vwawa, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walipatikana ndani yake watu 1,344,687. Wenyeji wa Mbozi ni Wanyiha, ambao wazee wao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika matanuru ya udongo. Jirani zao ni Wanyamwanga upande wa Momba na Tunduma, na Wandali na Walambya upande wa Ileje. Mwaka 1899 wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo katika nchi hiyo, na mahali hapo hata leo huitwa Mbozi Misheni. Pana kanisa lao na hospitali. Wageni wapitao nchi hii aghalabu huenda kukitazama kimondo, lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo khabari yake iliwafikia watu wa mbali mwaka 1930. Hukitazama, wakastaajabu, wakarudi. Ni wachache waulizao watoto wa hapo hula nini.

Ama riziki ya Mbozi, nguzo zake ni mbili, mahindi na kahawa. Kahawa ilienea baina ya Vita viwili vya Dunia, walipokuja Wazungu walowezi kufungua mashamba, kisha wenyeji wakaipanda katika viunga vyao, na leo wengi wa wakulima wake ni watu wenye shamba dogo la nyumbani. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Mbimba, na kuanzia mwaka 2005 wakulima wamepata miche mipya isiyoshindwa upesi na maradhi ya chule buni na kutu ya majani. Pamoja na hayo hupandwa maharagwe, karanga, viazi, ndizi, alizeti, na siku hizi maparachichi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yapita katikati ya wilaya. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, yapita papo hapo. Na Tunduma, mji wa mpakani, una malori usiku na mchana. Mwaka 2019 kilifunguliwa hapo kituo kimoja cha pamoja cha forodha cha Tanzania na Zambia ili safari zisichelewe. Basi mkulima wa Mbozi halii kwamba mazao yake hayana soko. Soko lamjia mlangoni.

Mtu akisikia haya yote atasema: hapa hapana njaa. Naye atakuwa amesema kweli, ikiwa njaa ni tumbo tupu. Lakini mwaka 2018 watoto wa Tanzania walipimwa urefu na uzito, mkoa kwa mkoa, na katika Songwe watoto 43.3 katika kila mia, wa chini ya miaka mitano, walionekana wamedumaa. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 31.8 katika mia. Maana ya kudumaa si kukonda. Mtoto aliyekonda kila mtu humwona na kumhurumia. Aliyedumaa huwa mfupi kuliko umri wake, na mwenye kumtazama humdhania ni mdogo tu. Mtoto wa miaka minne hudhaniwa ana mitatu, na kwa kuwa wenziwe wa mtaani nao ni wafupi vivyo hivyo, hapana ashtukaye. Nao ufupi si hasara yenyewe, bali ni alama yake. Mwili ulipokosa kujenga mifupa, ubongo nao ulikosa sehemu yake, na hasara hiyo hutokea zaidi tangu mimba kutungwa hata mtoto atimize miaka miwili. Ikishapita miaka hiyo, ni vigumu mno kuirudisha. Kisha mtoto huyo hupelekwa shule au chuo, akawa mzito wa kuhifadhi, mwalimu akamwita mvivu.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba Songwe si peke yake, wala si ya mwisho. Katika upimaji wa mwaka 2022 mikoa iliyotangulia kwa udumavu ilikuwa Iringa, 56.9 katika mia, kisha Njombe, 50.4, kisha Rukwa, 49.8. Hiyo ndiyo mikoa ambayo kila mwaka husifiwa kwa kulisha nchi. Songwe katika upimaji huo ilikuwa na 31.9, karibu na hesabu ya nchi nzima ambayo ni 30. Ikiwa tarakimu hizi mbili za Songwe zatazamwa pamoja, basi ni tengeneo kubwa katika miaka minne. Walakini vipimo viwili hivyo havikufanywa kwa mkono mmoja, na si vema kushangilia sana kabla ya kipimo cha tatu. Hata tukichukua iliyo ndogo, takriban mtoto mmoja katika watatu, katika nchi yenye ghala kamili, hakupata alichohitaji.

Basi chakula chapotelea wapi?

Chapotea kwanza katika hesabu ya nyumba. Mathalan, nyumba ina watu sita, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, hula nusu kilo ya mahindi kwa siku. Hizo ni kilo 3 kwa siku, na kwa siku 365 ni kilo 1,095, yaani magunia 11 ya kilo mia mia. Mwenye nyumba akivuna magunia 20 hujiona ana ziada ya 9, na hesabu yake ni sahihi. Lakini mwezi wa Julai, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yametoka shambani, deni la mbolea lamngoja, karo yamngoja, na harusi na matanga havimngoji; na lori lipo barabarani. Huuza magunia 12, tena kwa bei ya chini, kwa kuwa mwezi huo kila mtu anauza. Yamebaki 8. Kwa kilo 3 kwa siku hayo ni ya siku 266, wala hatujahesabu sehemu ya panya na ya dumuzi, mdudu yule agongaye punje hata zikawa unga. Akianza kula mwanzo wa Julai, ghala laisha mwezi wa Machi, mahindi mapya yangali mabichi shambani na bei sokoni imepanda. Hapo hununua kwa ghali kile alichokiuza kwa rahisi. Akikosa fedha, huacha palizi yake akaenda kufanya kibarua kwa mwingine, au huuza kahawa ingali mtini, kwa bei aitakayo mnunuzi, jambo ambalo watu wa Kagera huliita butura. Na kahawa iliyouzwa mtini haileti kitu wakati wa mavuno, hivyo Julai ijayo mahindi huuzwa tena. Mzunguko huu ndio ufanyao mtu kuwa mkulima hodari na maskini kwa pamoja, wala si uvivu kama wasemavyo baadhi ya watu wa mjini.

Walakini haitoshi kusema mahindi huuzwa. Ziko nyumba ambazo ghala haliishi mwaka mzima, na mtoto wao amedumaa. Hapa sababu i katika chungu chenyewe. Zamani chakula kikuu cha nchi hizi kilikuwa ulezi, kisha mahindi yakaushinda kwa wingi wa mavuno. Ulezi una chokaa ya mifupa na madini ya chuma kuliko mahindi, nao sasa umebaki wa pombe na wa uji wa wachache. Tena mahindi yenyewe hayaliwi kama yalivyo. Mashine huyakoboa kwanza, ikaondoa ganda na kiini, kisha huyasaga, ukatoka unga mweupe uitwao sembe. Watu huupenda kwa weupe wake, na hudhani ndio chakula cha waungwana. Ama dona, unga uliosagwa na punje yake nzima, hudhaniwa ni chakula cha shule na jela. Lakini kile kiini kilichotolewa ndicho chenye mafuta na sehemu ya vijenga mwili. Hicho huitwa pumba, akapewa ng'ombe, nguruwe na kuku. Basi mfugo hula kilicho bora, na mtoto hula weupe. Maharagwe ambayo yangeziba pengo hilo yamo katika gunia la kuuzwa, na mayai hukusanywa yakapelekwa mnadani, na maziwa vivyo hivyo. Uji wa mtoto huwa unga wa sembe na maji, na chumvi au sukari kidogo. Hushiba, akalala. Kushiba huko ndiko kuwadanganyako wazazi.

Katika jambo hili wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii walisema neno ambalo wengi hulisoma wakalipita. Walipoipima nafaka ya mke aliyo haki yake kila siku, walisema: juu ya mume tajiri ni mudi mbili, na wa kati mudi moja na nusu, na maskini mudi moja; na mudi ni robo ya swaa, kama kibaba kilivyo robo ya pishi. Watu wengi huishia hapo, wakadhani nafaka ikishaingia nyumbani dhima imetoka shingoni. Lakini wao hawakuishia hapo. Walimwajibishia mume kitoweo pamoja na nafaka, katika vile vinavyoliwa na watu wa mji ule, mafuta au samli au mfano wake, kwa kadiri ya msimu; na nyama kwa kadiri ya uwezo wake na desturi ya mahali. Na wakasema, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba kusaga nafaka hiyo na kuipika mkate ni gharama ya mume pia. Ama nafaka ya mtoto, hiyo hawakuipima kwa mudi kabisa, bali walisema ni kwa kadiri ya kumtosheleza. Basi aliyejaza ghala mahindi na kuuza maharagwe yote, akawaachia nyumbani ugali na chumvi, hajatimiza. Na neno hili laweza kufahamika na Mnyiha Mkristo wa Mbozi Misheni kama lifahamikavyo na Mwislamu wa Vwawa au Tunduma, kwani mtoto wa huyu na wa yule huhitaji kitu kimoja.

Baada ya chakula, lipo jambo ambalo wanaume hawalihesabu, nalo ni saa za mama. Kahawa ya Mbozi ni ile iitwayo arabika, na kazi yake haina subira. Matunda yakishachumwa hapana budi yamenywe siku ile ile, kisha buni hulowekwa hata utelezi ulegee, ikaoshwa kwa maji mengi, ikaanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara nyingi kwa siku, muda wa juma moja hata mawili. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na mikono ya wanawake, nayo huangukia katika miezi ile ile ya kuvuna mahindi. Na maji yaoshayo kahawa ni maji yale yale ya kunywa na kufulia, ambayo pasipo bomba huchukuliwa kichwani. Yakimwagwa mtoni baada ya kuosha, huwachafulia walio chini ya mto. Mama mwenye mtoto wa miezi minane, katika siku kama hizo, humwacha kwa dada yake wa miaka minane, naye humlisha uji uliopoa mara mbili kwa siku. Mtoto wa umri huo tumbo lake ni dogo. Ahitaji kulishwa mara nne au tano, kidogo kidogo. Hapa hapana ukatili wala ujinga. Pana saa ishirini na nne tu. Vile viwanda vidogo vya pamoja vya kumenya na kuosha kahawa, vilivyojengwa na vyama vya ushirika, husifiwa kwa kuongeza bei, nao wastahili sifa hiyo. Lakini faida yao kubwa huenda ni hii isiyoandikwa katika daftari, ya kumrudishia mama alasiri yake.

Tena maji machafu na kukosa choo kizuri hula sehemu ya chakula baada ya kuwa kimekwisha kuliwa. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, utumbo wake hauwezi kunyonya nguvu iliyo ndani ya chakula, hata kikiwa chema. Na mahindi yaliyovunwa na unyevu, yakafungwa katika gunia kabla hayajakauka, huota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiwa kidogo haiui, lakini mwenye kuila kila siku huharibika ini, na wataalamu waishuku kuwa miongoni mwa sababu za kudumaa. Mahindi yaliyoota ukungu hayatengenezwi kwa kukobolewa na kuchanganywa na mazima, wala haifai kupewa ng'ombe wa maziwa, kwani sumu yake hupita katika maziwa.

Serikali nayo haikulala. Mwezi wa Desemba mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitiliana mikataba ya lishe, ikawa mkuu wa mkoa huulizwa khabari ya watoto waliodumaa kama aulizwavyo khabari ya barabara. Katika vijiji hufanywa siku ya afya na lishe, watoto hupimwa na wazazi wakafundishwa. Haya ni mambo mema. Upungufu wake ni mmoja: wanaokuja kufundishwa aghalabu ni wanawake. Mama hurudi nyumbani amejua kwamba mtoto ahitaji yai, na funguo ya fedha ya mayai haiko kwake. Lau siku hiyo wangeitwa akina baba, na mahali panapofaa kuwaita ni pale wanapolipwa fedha ya kahawa, somo lingemfikia mwenye gunia.

Na nyumba isiyo na fedha yaweza kufanya mengi kwa kilichomo shambani mwake. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a, baadhi ya watu huyakamua wakayamwaga wakidhani ni machafu. Waganga husema mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na asipewe kitu kingine hata maji mpaka atimize miezi sita. Wanavyuoni wa Kishafii walikwisha kusema kabla yao kwamba kumnyonyesha mtoto maziwa hayo ya mwanzo ni wajibu juu ya mama, hata kama yuko mwingine wa kumnyonyesha. Kunyonyesha kuendelee hata miaka miwili, na Qurani katika Sura ya Al-Baqara imetaja muda huo huo kwa anayetaka kutimiza.

Ama uji baada ya miezi sita, unga wake uwe wa dona au wa ulezi, na katika kila vikombe vitatu vya unga kitiwe kikombe kimoja cha maharagwe yaliyokaangwa na kusagwa, au karanga zilizochambuliwa zisizo na ukungu. Upikwe mzito, usiwe wa kumiminika kama maji. Ukiiva lipondwe ndani yake parachichi, au kitiwe kijiko cha mafuta ya alizeti. Dagaa wakipatikana wasagwe, na mchicha ukatwe mdogo katika chakula cha mchana. Mahindi na maharagwe ya mtoto yawekwe katika mfuko wake peke yake siku ile ile ya mavuno, kabla lori halijafika, na mfuko huo usihesabiwe katika ziada. Kwa mtoto mmoja mfuko huo ni mdogo. Hata debe sita za mahindi na mbili za maharagwe humtosha mwaka na kubaki. Na fedha ya mashine ya kumsagia, kama ilivyotangulia, hutoka kwa mume.